Mchakacho wa Shamba la Mwamini

Saa nne asubuhi, mwaka wa tisini na saba, Mwamini wa Mbwera aliteremka kwenye gari la mkaa pale Kibiti, kikapu chake kimefunikwa kanga, akaingia ofisi ya mwekezaji wa mabwawa ya kufugia kamba. Barua yao ilimtaka alete ushahidi kwamba shamba lake la mpunga lina wenyewe. Hati hakuwa nayo. Nani kule visiwani Mbwera aliyewahi kuwa nayo?

Akafunua kikapu. Sauti ya miguu ikatoka, ikaanza kuzunguka chumba. Muuza chai aliyekuwa akiwamiminia makarani akavuta birika lake pembeni, apishe.

"Nini hiki, mama?" akauliza Seleman, karani.

"Mchakacho."

"Fomu yataka maana na asili."

"Ni sauti ya miguu, mwanangu. Mpunga twaupura kwa miguu, mabua yachakacha. Ndiko jina lilikotoka. Huyu mzito ni bibi yangu. Wa haraka ni mama. Anayeburuta ni shangazi Habiba, aling'atwa na kiboko. Wamekufa wote, ila kazi hawajaacha."

Seleman akangoja shangazi amalize mzunguko. Kisha akaandika, kwa mwandiko mzuri: Shamba halina watu. Lina kelele. Akagonga muhuri.

Mwamini aliyasoma maandishi hayo, hasira zikampanda. "Nimekuletea watu kwa miguu yao, waandika hakuna watu!"

"Fomu ina nafasi ya walio hai tu, mama."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye mleta ushahidi."

Wiki mbili baadaye Seleman alifika Mbwera kwa boti, na barua ya kumtaka Mwamini ahame kabla ya Ijumaa. Ubao wa tangazo la mradi, uliosimikwa shambani juzi yake, aliukuta umelazwa chali. Mwamini alikuwa juu yake, pekupeku, akipura mpunga, na miguu ya watu wanne ikisikika. Maandishi yake yalikwishaanza kubanduka.

"Mama, ubao huu ni wa mwekezaji."

"Mzuri. Haupitishi tope."

Akaipokea barua, akaikandamiza kwa ungo isipeperuke. "Ijumaa mtanikuta hapa hapa."

Ijumaa tingatinga lilikuja, likachimba shamba lote, maji yakaingizwa, kamba wakamwagwa. Ukabaki ubao tu ukielea, na Mwamini juu yake, akipura. Bibi na mama walienea kwa kubanana. Shangazi Habiba alikosa nafasi, akaendelea juu ya maji, akiburuta mguu wake.