Zamu ya Maji Siku ya Krismasi

Kiende alifungua bomba la shamba kabla jua halijachomoza, akaruka nyuma ili asilowe, na wala hakulowa. Sprinkla ya kwanza ilikohoa upepo, ikatema tone la matope, ikanyamaza. Aliigonga kwa kijiti, maana mara nyingine jani huziba tundu. Hakukuwa na jani. Hakukuwa na maji.

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni zamu yake. Kwamba Alhamisi hii ilikuwa pia Krismasi si kosa lake, wala si kosa la nyanya. Nyanya hazina kalenda. Zilisimama pale kwenye mistari, maua ya manjano tele, zikingoja. Upande ule wa chini, ukishuka kutoka Kanyakine kwenda Mitunguu, mvua ilikuwa imekatika mapema na udongo ulishaanza kupasuka. Zamu ikimpita, ingemlazimu kungoja ile nyingine ya Jumatatu, na Agosti alikuwa amejionea jinsi mambo yanavyokwenda. Maua yalipukutika yote, akabaki na mimea mizuri ya kijani isiyozaa kitu, na binti yake Gacheri akakaa nyumbani muhula mzima huku wenzake wakisoma.

Alivaa gambuti akapanda kuelekea kwenye valvu inayogawa maji. Alikwenda haraka, kwa sababu ibada ilikuwa saa tatu na yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Kinanda cha kanisa kiliharibika zamani, kikafunikwa kitambaa, na tangu hapo wimbo ulikuwa hauanzi mpaka Kiende aanze. Siku za kazi alikuwa mama wa nyanya kama wengine, akidharauliwa na madalali wa soko la Gakoromone kama wengine. Lakini alipotoa ule mstari wa kwanza peke yake, na kanisa zima likaupokea kutoka kinywani mwake, alipata furaha ambayo hakuwahi kuipatia jina, si kwa Kimeru, si kwa Kiswahili. Aliamini kwamba ni Mungu, na hakuona haja ya kuchunguza zaidi.

Njura, mlinzi wa laini ya maji, alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha valvu, amejifunika koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua.

"Muga, Njura."

"Muga, Mama Gacheri. Krismasi njema."

"Itakuwa njema nikijua maji yangu iko wapi."

"Laini yenu imefungwa leo. Mwenyekiti amesema ni sikukuu, watu waende kanisa."

Kiende alitega sikio. Chini ya makalio ya Njura bomba kubwa lilikuwa likinguruma.

"Kama imefungwa, hii ni sauti ya nini?"

"Hiyo ni ya kupanda juu."

"Juu kwa nani?"

Njura aliangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Mbeere aliyeacha shamba kavu kwao akapata kazi ya kufungua na kufunga maji ya wengine, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. "Mimi ni wa kutumwa tu, mama," akasema. Kisha akashusha sauti. "Ni ile gesti yake mpya. Wageni wa Nairobi wanafika saa nane, na bwawa ya kuogelea haijajaa nusu."

Kiende aligeuka akashika njia ya kwa mwenyekiti.

Muthamia alikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji na pia mzee wa kanisa. Uenyekiti alichaguliwa kwa kuinuliwa mikono, miaka ya nyuma, na tangu hapo mikono haikuwahi kuitwa tena. Kiende alimkuta barazani amevaa fulana na suruali ya suti, anajinyoa mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye nguzo.

"Mama Gacheri! Karibu chai."

"Asante, mzee. Nimekujia kwa sababu ya zamu yangu."

"Wewe nawe. Siku kama ya leo, Mwokozi amezaliwa, unawaza nyanya?"

"Hata Yeye alizaliwa kati ya watu wa kazi, mzee. Wale wachungaji hawakuwa wamefunga kondoo wakaenda likizo."

Muthamia alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka vizuri. Akasukuma shavu kwa ulimi, akapitisha wembe. "Presha iko chini sana leo. Lakini nimekusikia. Nitaangalia."

Pale tarafani kila mtu alilijua neno hilo. Daraja lililobebwa na mafuriko liliangaliwa. Transfoma iliyoungua iliangaliwa mpaka watu wakasahau kuwa walishawahi kuwa na taa. Kiende alisimama kidogo, akaona kwamba hata akipiga kelele, kelele zake zitaishia pale barazani zikisikilizwa na kuku tu.

"Sawa, mzee. Nimeshukuru," akasema, akaondoka.

Njiani hasira zilimpanda. Alifikiria kutokwenda kanisani kabisa, akakae pale kwenye valvu mpaka jioni. Lakini angekaa afanye nini, amwangalie Njura? Akishaibiwa maji, amwachie Muthamia na wimbo pia? Aliingia nyumbani, akaoga kwa jagi la maji ya kunywa, akavaa gauni lake la kitenge na kitambaa cheupe cha wamama wa kanisa. Gacheri alimuuliza kama maji yamekuja. "Bado," akajibu.

Kanisa lilikuwa limefurika. Watu wa Nairobi walikuwa wamekuja na watoto wenye viatu vya kuwaka taa, na wengine walisimama nje madirishani. Muthamia aliketi mbele na wazee. Mchungaji Mwirigi, kijana mwenye haraka, alimpa Kiende ishara kwa kichwa, na Kiende akafungua kinywa bila kujua kama kuna kitu kingetoka. Kilitoka. Sauti ilipanda ikagusa mabati, kanisa likaipokea kwa kishindo, wamama wakaanza kuyumba, na ile furaha ikaja kama kila siku, haikuuliza kama amenyimwa maji au hajanyimwa. Aliimba huku machozi yakimtoka. Bado alikuwa na hasira. Vyote viwili vilikaa ndani yake bila kugombana.

Kisha mchungaji akafungua nafasi ya ushuhuda. Katika kanisa lile mtu akishasimama kutoa ushuhuda hakatizwi, hata awe mlevi wa jana. Mzee mmoja alishukuru kwa mguu uliopona. Msichana mmoja alishukuru kwa kazi. Kiende akajikuta amesimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi naitwa Mama Gacheri, nimeokoka, nampenda Yesu. Leo nataka nishukuru kwa sababu ya maji." Alishika benchi la mbele. "Leo ni zamu yangu, na asubuhi laini yetu ya chini ilikuwa imefungwa, hakuna tone. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu, akiwa anajinyoa. Hakunifukuza, alinikaribisha chai. Akaniambia, Mama Gacheri, nimekusikia. Kwa hivyo nashukuru kwa imani. Tukitoka hapa, Njura atafungulia maji, na nyanya zangu zitakunywa Krismasi. Na majirani wa laini ya chini watakunywa. Nashukuru kwa kiongozi ambaye anaweza kuacha shughuli yake yote ya leo, hata wageni wake, akumbuke watu wa chini. Bwana asifiwe tena."

"Amina!"

Wale wa laini ya chini, ambao mabomba yao pia yalikuwa yamekauka na ambao hawakuwa wamethubutu kwenda kuuliza, waliitikia kwa nguvu zaidi ya wote. Mchungaji, asiyejua lolote kuhusu bwawa, aliona ni ushuhuda mzuri sana.

"Mwenyekiti, hebu simama tukuone. Mpigieni makofi kiongozi anayesikia watu wake."

Muthamia alisimama. Alipunga mkono kulia na kushoto huku tabasamu limemkwama usoni, na watu wa Nairobi wakapiga makofi kuliko wenyeji. Kisha akaketi na kutoa simu mfukoni. Kiende naye aliketi. Alijiuliza kama amesema uongo mbele za Mungu, akapima, akaona kila neno alilosema ni la kweli isipokuwa lile ambalo bado halijatimia.

Walipotoka aliteremka moja kwa moja na viatu vya kanisa mkononi. Alizisikia sprinkla kabla hajaziona. Zote zilikuwa zikizunguka, chak chak chak, na udongo ulikuwa umebadilika rangi hadi mstari wa katikati. Kiende aliketi kwenye ukingo wa shamba, akacheka peke yake.

Njura alikuja akipita kando ya ua, ameshika ufunguo wa valvu. Hakucheka.

"Mwenyekiti amenipigia simu mara mbili," akasema. "Ya kwanza nifungulie. Ya pili ni ujumbe wako."

"Sema."

"Ratiba inabadilishwa. Kuanzia mwaka mpya zamu yako ni Jumapili asubuhi, na sprinkla zikiwa wazi lazima mwenye shamba awe hapo, ndiyo sheria." Aliuzungusha ufunguo mkononi. "Amesema kwa kuwa wewe unapenda sana maji siku ya Bwana. Samahani, mama. Nimetumwa tu."

Kiende alizifikiria Jumapili zote zile, kanisa limesimama linangoja, na mtu mwingine anaanza wimbo kwa sauti isiyofika. Alitaka kulia, na alijua atalia. Alijua pia kwamba kesho atapanda kwa Muthamia, na keshokutwa, na kwamba ataambiwa itaangaliwa.

Maji yalifika miguuni mwake. Alisimama, akalifunga gauni la kitenge kiunoni.

"Hayo ni ya kesho," akasema. "Siku ya leo simpi mwenyekiti. Njoo unishikie hii bomba huku mwisho, Njura, tuisogeze hadi upande ule ambao haujalowa."

Njura aliweka ufunguo chini akashika. Wakalivuta pamoja, mguu kwa mguu kwenye matope, na Kiende akaanza kuimba.