Picha Moja ya Mzee Kisemei

Wamaitha alikuwa na ugonjwa wa usafi, na ugonjwa huo ndio uliomlisha. Studio yake iko Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo, na ukipanda zile ngazi na uso wako wa kawaida, ujue picha itashuka na uso mwingine. Chunusi anatoa. Mikunjo anatoa. Kitambi anakipunguza mpaka kifikie kiwango cha heshima. Kukiwa na mlingoti wa stima nyuma ya bibi harusi, mlingoti unaenda. Hata aliyekuwa mume wake, Hiram, alitolewa kwenye picha zote za harusi yao, moja baada ya nyingine, na sasa ukimtembelea Wamaitha utamwona yeye peke yake ukutani amevaa shela, ananyoosha kijiko cha keki na kuilisha hewa. Watu wa Kitengela walimpenda kwa kazi hiyo. Nani, jamani, hataki kuondolewa miaka kumi bila kisu?

Basi mwezi wa tano akaja Sandra, karani wa chama kimoja cha akiba hapo mjini. Babake, Mzee Kisemei, alikaa nje ya Kajiado, na katika miaka yake themanini alikuwa amepigwa picha mara moja tu, ile ya kitambulisho, na hata hiyo alipigwa akiwa amekasirika.

"Auntie, amekubali," Sandra akasema, bado haamini. "Sijui nini imemwingia. Ameamka tu asubuhi akasema, leteni mtu wa picha. Lakini ni moja. Moja pekee, halafu asisumbuliwe tena mpaka afe. Tunaitaka kubwa, tuifungue kwa sherehe yake ya shukrani. Please, usituangushe."

"Nikuangushe mimi?" Wamaitha akauliza, na kwa kweli aliumia kidogo.

Siku ya kupiga picha alimkuta mzee ameketi kwenye kigoda mbele ya boma, shuka jekundu limepigwa pasi, rungu mapajani, masikio yaliyotobolewa zamani yakining'inia kwa madaha.

"Takwenya!" mzee akamsalimu.

"Iko!" akajibu Wamaitha, ambaye alifundishwa neno hilo moja na Sandra garini na kulikariri tangu Isinya.

Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa ng'ombe. Nyuma ya mzee alisimama ng'ombe mzee wa mabaka, mbavu nje, pembe moja imevunjika, anacheua polepole na mate yanamtoka. Wamaitha akamwomba mzee asogeze kigoda kushoto. Mzee akasogea. Wamaitha alipoinama kwenye kamera, mzee akarudi kulia. Akamsogeza tena. Mzee akarudi tena, kigoda na yote.

"Mzee, hapo nyuma kuna ng'ombe."

"Ndio, ni ng'ombe," akasema mzee, ameridhika kwamba huyu mama wa mjini ana macho.

Wamaitha akaacha ubishi. Alipiga kama sitini, na karibu zote zikamkasirisha, kwa sababu mzee hakukubali kutulia. Kila mara anageuza kichwa nyuma, anaongea Kimaasai, anacheka peke yake. Katika moja tu ndipo alipoangalia kamera, mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayetaka kuuliza swali. Wamaitha akaichagua hiyo. Nyingine zote akazitupa kwenye pipa la taka la kompyuta, akashika kazi.

Na alifanya kazi, huyo mama! Masikio aliyaziba matundu na kuyapandisha. Kwenye meno ya chini aliona pengo. Wazee wa Kimaasai waling'olewa meno mawili ya hapo utotoni kwa makusudi, ni desturi yao, lakini yeye hakuuliza mtu. Alidhani ni uzee, akapanda meno mawili meupe pepepe. Nyasi akazipaka kijani cha mashamba ya chai ya Limuru. Mwisho akamgeukia ng'ombe. Alianza na mkia akamaliza na pembe, ikamchukua asubuhi moja na chai vikombe viwili. Mahali pake akaweka anga. Alipomaliza alisimama mbali, akatazama, akajipongeza kwa sauti.

Baada ya wiki mbili, Jumamosi ya sherehe, alifika na picha yenyewe kwenye fremu kubwa, imefunikwa kitambaa cheupe. Lemein, kifungua mimba wa mzee, akaja kumsaidia kuishusha garini.

"Afadhali umekuja," Lemein akasema. "Mzee ameiulizia hii picha kila siku tangu Jumanne."

"Jumanne kulikuwa na nini?"

"Sambu alikufa. Yule ng'ombe wa mabaka, aliyekuwa nyuma yake mkipiga picha."

Wamaitha akashika mlango wa gari.

"Si unakumbuka kile kiangazi kibaya?" Lemein akaendelea, bila kujua anamchoma mtu. "Boma yote iliisha. Ng'ombe walikuwa wanaanguka mpaka kando ya barabara. Akabaki huyo mmoja. Kila asubuhi tulikuwa tunamwinua, mimi mkia, mzee pembe, mpaka siku moja pembe ikamvunjikia mkononi. Mzee alikuwa anampikia unga wake wa ugali, yeye mwenyewe analala na chai. Mvua ikaja, Sambu akazaa. Hao ndama na mitamba unaona hapo ni wake. Sasa huyo ng'ombe alipoanza kuchoka ndio mzee akasema, leteni mtu wa picha."

"Kumbe..." Wamaitha akasema.

"Mzee hakuwa anataka picha yake. Alitaka ya Sambu. Lakini aliona haya kuita mtu kutoka Kitengela juu ya ng'ombe, ndio akajiweka hapo mbele."

Wamaitha akaikamata fremu kwa mikono miwili. Ng'ombe amekufa, mzee hataki picha nyingine, na hata angetaka, ya nini sasa? "Lemein," akasema, "hebu turudishe hii kitu kwa gari. Fremu ina ufa."

Lemein akaigonga huku na huku kwa kidole. "Ni nzima kabisa, mama," akasema, akaibeba akaenda nayo.

Wamaitha akamkimbilia msema chochote, yule anayeongoza sherehe, kijana anayeitwa Brayo, akamsihi picha ifunguliwe baada ya chakula, au baada ya watu kwenda nyumbani. Brayo akamwonyesha karatasi: programu imechapishwa, na mhubiri ameitia sahihi. Wamaitha akamvuta Sandra kando ya tenti.

"Sandra, kuna kitu nilisafisha kwa hiyo picha."

"Si ndio maana tulikuita!" Sandra akamkumbatia, akaenda kuangalia keki.

Mzee Kisemei alikuwa ameketishwa mbele, picha imewekwa kando yake. Wajukuu walikuja kuinamisha vichwa awaguse kwa salamu, naye akawagusa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshika kitambaa cheupe, na haukukiachilia kwa saa nzima. Wamaitha aliuona mkono huo akatamani ardhi ya Kajiado ipasuke, immeze yeye na kamera yake.

Brayo akahesabu mpaka tatu. Kitambaa kikaanguka. Watu wakapiga vigelegele, halafu vigelegele vikapungua, halafu vikakatika.

"Huyu ni nani?" akauliza bibi mmoja kwa sauti.

"Ni mtu wa bima," mwingine akamjibu, bila shaka yoyote.

Wazee wa rika la Kisemei walisogea karibu, wakaona meno, wakaanza kupigana mabega kwa kicheko. "Kisemei! Umeota meno! Na masikio umeshona wapi?" Sandra alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee hakujali meno wala masikio. Aliinuka, akaikaribia picha, akapitisha kidole juu ya zile nyasi za kijani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akaiinua fremu, akachungulia nyuma yake. Nyuma palikuwa na ubao na misumari.

"Mama wa picha," akaita. "Sambu iko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi. Kamera haikumshika. Jua lilikuwa kali. Mitambo, Mzee, mitambo ya siku hizi! Lakini mzee alikuwa anamwangalia kama mtu anayeuliza njia, anayeamini kwamba ataelekezwa, na Wamaitha akashindwa.

"Nilimfuta, Mzee," akasema. "Nilidhani anaharibu picha."

Brayo akazima muziki. Lemein akafumba macho.

"Ulimfuta," mzee akarudia. Akafikiri kidogo. "Kiangazi ilishindwa kumaliza huyo ng'ombe. Miezi nane. Wewe umechukua siku ngapi?"

"Asubuhi moja, Mzee."

"Asubuhi moja," mzee akawaambia wenzake, na mmoja akapiga mluzi wa mshangao.

Hapo Wamaitha akakimbia. Watu walidhani anatoroka, na wengine walimwonea huruma wakampisha. Lakini alirudi kutoka kwenye gari na kompyuta kifuani, akasukuma keki pembeni, akaiweka mezani, akafungua lile pipa la taka. Alijua tabia yake: pipa hilo hulimwaga kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili ya kwanza baada ya kuzitupa alihudhuria mazishi Ngong. Ya pili alikuwa na homa. Alimshukuru Mungu kwa homa ile, kwa sauti, mbele ya mhubiri.

Zikafunguka, zote alizozitupa. Mzee amegeuka. Mzee haonekani uso. Mzee na nusu ya pembe. Halafu ikaja moja ambayo Wamaitha aliitupa ya kwanza kabisa, kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa kosa. Mzee yuko pembeni, nusu mwili, amegeuza kichwa nyuma, anacheka mpaka pengo lote liko wazi na masikio yanaruka. Sambu amejaa katikati, mabaka, mbavu, pembe iliyovunjika, ameinamisha kichwa karibu na bega la mzee, ulimi umetoka kulifikia shuka.

Mzee Kisemei akainama, akaigusa ile pembe kwenye kioo kwa ncha ya kidole, taratibu, kama bado inauma. Machozi yakamtoka mbele ya rika lake lote, na hakuyapangusa. Wamaitha naye akalia, kwa aibu na kwa furaha pamoja, na poda yake yote ikaenda.

"Hii," mzee akasema hatimaye. "Hii ndio picha. Fanya kubwa kama hiyo ingine."

"Nitafanya kubwa zaidi, Mzee. Na sitagusa kitu."

Mzee akatazama tena, akakunja uso. Kuna jambo halikumpendeza.

"Lakini wewe si unajua kufuta?"

"Najua, Mzee."

"Huyu mzee hapa kando amefunika mguu ya Sambu." Akajigonga kwa kidole pale kwenye kioo. "Mtoe."

Wamaitha akaondoa mkono kwenye kompyuta, yeye ambaye hakuwahi kuombwa kufuta kitu akakataa.

"Huyo hatoki, Mzee," akasema. "Huyo ndiye Sambu alikuwa anamwangalia."