Kisiki cha Bafuni

Nyumba mpya ya Ngassa ilisimama juu ya jasho lake mwenyewe. Hilo alimwambia kila aliyekubali kumsikiliza, na wengine wengi ambao hawakukubali. Mwaka wa Operesheni, walipoamriwa kubomoa mji wao wa zamani kule bondeni na kuhamia kijiji kipya cha Mwakanda, wenzake walilia. Yeye alipofika kwenye ekari aliyopimiwa alisimama, akashika kiuno, akacheka. Uwanda ule aliujua. Miaka ishirini na minane kabla ya hapo alikuwa mmoja wa vijana waliofyeka msitu uliokuwepo pale ili kumfukuza mbung'o. Walikata, wakachoma, mpaka mtu akaweza kusimama mlangoni na kumwona ng'ombe aliye mwendo wa saa nzima. Kundi lao liliwahi kumaliza kuliko makundi yote, na kila kijana akapewa sururu iwe yake. Mpini wa ile sururu Ngassa aliuchonga kutoka kwenye mgunga wa mwisho kuangushwa.

Tusiharakishe kumcheka. Ngassa alikuwa na mdogo wake, Maige. Maige alianza kusinzia machungani, watu wakamwita mvivu. Baadaye akawa anasinzia wakati wa kula, mama yao akimtikisa bega ili atafune tonge lililokuwa mdomoni. Malale yalimmaliza hata hajaoa. Ng'ombe wa baba yao nao walikonda wakafa mmoja mmoja, kwa ugonjwa wa mbung'o huyo huyo. Kwa hiyo Ngassa alipoona mti aliona mbung'o, na alipoona mbung'o alimwona Maige na tonge lake. Miti ilipoondoka, mbung'o aliondoka kweli. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba alikosea, kwa sababu hakukosea.

Mkewe, Nyamizi, aliutazama uwanda ule ule siku ile ile, mzigo wa vyungu ukiwa bado kichwani.

"Baba Limi," aliuliza, "hapa nitapikia nini?"

Kule bondeni walikuwa na ngitili, kipande cha pori ambacho baba yake Ngassa alikizungushia miiba ili ndama wapate majani wakati wa kiangazi. Nyamizi aliokota humo matawi makavu kwa miaka ishirini na hakuwahi kufikiri habari ya kuni, kama vile mtu asivyofikiri habari ya pumzi. Mwakanda hapakuwa na ngitili wala kichaka cha kuchumia fimbo ya kumfukuzia mbwa. Kuni zilikuwa mlimani. Wanawake walitoka jogoo la kwanza wakarudi jua la utosi, kuni zimekalia ngata za kitambaa vichwani, shingo zimezama mabegani.

Mwezi wa kwanza Nyamizi alikanda udongo, akauzungushia mafiga yake matatu, figa hadi figa, moto usipotee pembeni. Majirani walikuja kutazama, nao wakafanya hivyo. Baada ya mavuno alipikia miti ya pamba iliyokauka. Ilipokwisha alipikia mavi ya ng'ombe, aliyoyakanda kama maandazi na kuyaanika ukutani. Mavi yanawaka, hilo lazima tuseme, na ugali unaiva. Lakini moshi wake hautoki jikoni. Unakaa chini na mpishi.

Katika ekari yao visiki vya zamani vilikuwa bado na roho. Mvua ilipogusa ardhi, machipukizi ya migunga yalijitokeza hapa na pale, membamba kama vidole vya mtoto. Nyamizi aliyaona kabla ya mumewe.

"Tuache pembe moja tu," alimwambia. "Ngitili ndogo. Nitakuwa nakata matawi, kisiki kibaki. Kila mwaka kitanipa."

"Msitu huu niliukata kwa mikono hii," Ngassa alisema, akimwonyesha mikono. "Nije niufuge tena mlangoni kwangu?"

"Sijasema msitu. Nimesema pembe."

"Maige pia alikuwa anapita pembeni mwa msitu."

Basi, mazungumzo yakafa hapo, maana jina hilo likishatajwa nyumbani humo hakukuwa na wa kulijibu. Kila Septemba Ngassa alichukua sururu yake, akazunguka ekari nzima, akakata kila chipukizi chini ya udongo. Kazi hiyo aliipenda. Jioni yake alikula vizuri.

Kisiki kimoja tu hakukifikia, kwa sababu kilikuwa mahali ambapo mwanamume mwenye heshima zake haingii. Nyuma ya jiko Nyamizi alijizungushia bafu la mabua ya mtama, na alilizungushia mahali hapo makusudi. Humo ndani kisiki kilichipua. Maji ya kuogea yalikinywesha asubuhi na jioni, na maji ya kuoshea vyombo nayo yalikwenda huko huko. Ngassa aliwahi kumgombeza kwa kubeba maji machafu mpaka huko badala ya kuyamwaga mlangoni. Nyamizi alimjibu kwamba mlangoni yanaleta nzi. Ngassa aliridhika. Mti ulipoanza kulala upande, mama huyo alichana upindo wa kanga yake akaufunga kwenye kijiti usimame. Na kila kilele chake kilipotaka kuchungulia juu ya mabua, alikikata kwa kisu, ili uzidi kunenepa bila kuonekana. Miaka minne mtu na mkewe walikaa hivyo, mmoja anakata na mwingine ananywesha, na kwa habari ya miti hawakugombana hata siku moja.

Kisha macho ya Nyamizi yakaanza. Kwanza yalitoa machozi, naye akasema ni vumbi. Halafu yakawa mekundu, akasema ni usingizi. Mwaka ule vita vya Uganda vilipokwisha alikuwa anamimina maji nje ya kikombe, na alimwamkia Esta, mke wa jirani, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Esta alishtuka akamwambia Ngassa.

"Shikamoo baba. Mama ameniamkia mimi shikamoo. Haoni, baba."

Pantaleo, mganga wa zahanati, alimfunua kope, akatikisa kichwa, akaandika karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Limi, binti yao aliyeolewa Nkome kwa wavuvi, alikuja kwa lori la dagaa akamchukua mama yake. Wakaondoka Jumatatu.

Ngassa alibaki peke yake, na kwa mara ya kwanza akaogopa nyumba yake mwenyewe. Aliijaribu kazi ya jikoni, akatoka akikohoa, machozi yakimtiririka, na ugali mbichi. Alikaa kwenye kigoda nje akifikiri jinsi mkewe alivyoketi mle ndani kila siku, asubuhi na jioni, bila neno. Alitaka kumfanyia jambo. Mtu wa kazi akiwa na uchungu hutafuta kazi, na Ngassa akatafuta yake. Aliona mabua ya bafu yameoza. Akasema moyoni, mwenyewe hayupo, si vibaya nikiingia. Atarudi akute bafu jipya.

Alipokaribia aliona kilele cha mgunga kimechomoza juu ya mabua, urefu wa mkono mzima. Macho ya Nyamizi hayakukiona tena kikikua, ndiyo maana hakukikata. Ngassa alivuta mabua akauona mti mzima, shina lake nene kama kifundo cha mkono.

Hakujiuliza maswali. Angejiuliza, angeuona ule upindo wa kanga, angeuona udongo ulivyofinyangwa kuuzunguka mti kama bakuli la kushikia maji. Yeye aliona mti, na mkewe mgonjwa akioga chini yake. Alikwenda kuchukua sururu. Machipukizi ya shambani alikuwa anayakata tu, lakini huu aliufuata mizizi. Alichimba siku mbili, shimo likamfika kiunoni, na hakuacha mzizi hata mmoja unene wa uzi. Halafu akaukata vipande vipande, akavianika juu ya paa kwenye jua kali la Septemba. Sasa furaha ikamjia: kumbe amepata kuni. Kuni halisi, za mgunga, zisizo na moshi mwingi, na mkewe anarudi.

Nyamizi alirudi Jumamosi ya wiki ya pili, ameshikwa mkono na Limi. Daktari alikuwa amesema yaliyopotea yamepotea. Jicho la kushoto basi. La kulia limebaki na mwanga kidogo, nao utadumu iwapo ataachana kabisa na moshi wa mavi. Limi aliyasema hayo haraka haraka, kwa sauti ya chini, akalala usiku mmoja, akarudi kwa watoto wake.

Asubuhi Ngassa alimketisha mkewe mlangoni pa jiko. Alikuwa kama kijana aliyeleta mahari.

"Nyoosha mikono," alimwambia. "Nimekuletea kuni."

Nyamizi alipokea mzigo mapajani akatabasamu. Akavipitishia vidole vipande vile, kimoja kimoja, kama anavyochagua mchele. Akafika kwenye kipande chenye makovu mengi mahali pamoja, pale kisu kilipokata mwaka hadi mwaka. Vidole vikasimama. Vikashuka kidogo, vikakuta kitambaa kilichokazwa fundo, fundo la mkono wake mwenyewe.

"Umezitoa wapi?"

"Pale bafuni kwako. Mti ulijificha humo, wewe huuoni, masikini. Mkaidi kweli kweli! Nimeufuata mpaka hapa," akajigusa kiuno, akasahau kwamba haonwi.

"Na mizizi?"

"Sikuacha hata mmoja."

Nyamizi aliendelea kulipapasa lile fundo. Ngassa alimtazama akisubiri asante, na asante haikuja, ndipo akainama akakitazama alichokishika mkewe. Aliijua kanga ile. Aliinunua yeye, mwaka waliouza pamba vizuri, na alimgombeza alipoona imechanwa.

"Mama Limi," alisema. "Ulikuwa unauotesha?"

"Miaka minne. Nilikuwa nauzuia usichungulie. Sikutaka umwone Maige kila asubuhi ukiamka." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Ngassa kuliko kupigwa. "Mwaka huu ningeanza kukata matawi. Ukikata tawi, kisiki kinatoa mawili. Nilisema nitakapokuwa siuoni mlima, kuni zitakuwa hapa, hatua kumi na mbili kutoka jikoni. Nilishazihesabu."

Ngassa alilia. Mzee wa miaka hamsini na saba alikaa chini kwenye mavumbi mbele ya mkewe akalia kama alivyomlilia ndugu yake, naye Nyamizi akanyoosha mkono akakosa kichwa chake, akajaribu tena, akakipata.

Kuni zile zilitosha siku tano. Waswahili walisema maji yakimwagika hayazoleki, na Ngassa alikwenda mara nyingi kulitazama lile shimo, kana kwamba mzizi ungemhurumia. Haukumhurumia. Alikuwa fundi wa kazi yake.

Siku ya sita alichukua sururu kama kila Septemba, akaingia shambani. Machipukizi yalikuwepo. Aliyahesabu: arobaini na moja. Alisimama juu ya la kwanza muda mrefu, sururu begani, mpaka Esta aliyekuwa anapita na ndoo akauliza kama anaumwa. Alijibu hapana. Alirudi nyumbani, akagonga sururu kwenye jiwe la kizingiti mpaka mpini ukachomoka. Mpini ulikuwa laini kwa miaka thelathini na miwili ya viganja vyake. Aliupasua kwa shoka vipande vinne, akaingia jikoni mwenyewe, akavisukuma kwenye mafiga.

Nyamizi aligeuza uso kuelekea motoni.

"Hizi kuni gani? Hazina moshi hata kidogo."

"Mgunga," Ngassa alisema. "Wa zamani."

Ugali ulipoiva walikula. Kisha alimshika mkono akamtembeza shambani, akamwinamisha kwenye kila chipukizi aliguse, kuanzia la kwanza hadi la arobaini na moja. Alimwambia watapanda pamba upande wa chini tu, na huku juu atazungusha minyaa, ng'ombe wasiingie. Aliongea mfululizo, kama anayeogopa kunyamaza.

"Zitakuwa kuni lini?" Nyamizi aliuliza.

"Mvua tatu. Labda nne."

"Na mpaka hapo?"

Ngassa aligeuka akautazama mlima.

Kesho yake jogoo la kwanza, wanawake walikusanyika njia panda ya kwenda mlimani, kamba mikononi, kama kila siku. Walimwona mtu anakuja gizani na shoka na kamba, wakadhani ni mume wa mtu anayemtafuta mkewe. Alipofika karibu walimwamkia, akaitika. Mmoja aliangua kicheko, maana tangu azaliwe hakuwahi kuona mzee wa Kisukuma katika msafara wa kuni. Kicheko hakikupata mwenzake.

Ngassa alitoa kwapani kanga iliyofifia, imechanwa upindo mmoja.

"Esta, mwanangu," alisema, "hebu nifundishe kusokota ngata."