Maneno Chini ya Betri

Jumamosi mchana, watu wengine wakiwa wamejinyoosha baada ya kula, mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro alikuwa kwenye meza ya jikoni akiifungua laptopu ya jirani yake. Majirani walimwita Bisibisi. Ufundi hakuusomea. Alianza kwa kuharibu redio ya baba yake, akaendelea kwa kuharibu vitu vyake mwenyewe, mpaka vikachoka kuharibika vikaanza kupona. Hakufanya biashara. Alipenda tu kufungua vitu na kuona vimekaaje ndani, kama wengine wanavyopenda kutazama mpira.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alikichora kifaa kwenye karatasi, kisha kila skrubu aliyoitoa aliilaza mahali pake kwenye mchoro, na ole wake mtu atakayepita karibu na meza akapiga chafya. Kabla ya hayo yote aliuliza maswali. Umezima ukawasha? Waya umeingia vizuri? Umegusa nini? Swali la mwisho lilikuwa na jibu moja tu duniani.

"Sijagusa kitu," alisema jirani, mwalimu mstaafu, huku chai aliyoimwagia kibodi ikiwa bado inanata kwenye herufi.

Bisibisi hakumlaumu. Alikuwa hajawahi kukutana na mtu aliyegusa kitu.

Ndani ya laptopu alikuta vumbi, nywele za paka na maneno. Maneno hukaa chini ya feni na pembeni mwa betri, makavu, rangi ya majivu, madogo kama chenga za mchele. Ni yale yaliyosemwa karibu na kifaa yakakosa pa kwenda. Fundi mgeni huyapuliza, na hapo hukosea, kwa sababu yanaruka yakaingia puani na mtu anashinda siku nzima akinong'onezwa. Bisibisi aliyafagia kwa mswaki wa zamani, akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Katika kundi la mtandaoni la wapenda vifaa walibishana sana kuhusu namna ya kuyasikiliza. Wapo waliotetea spiriti, lakini spiriti huyafanya maneno yaropoke bila mpangilio. Yeye alitumia draya ya nywele ya mkewe. Neno likipata joto husema mara moja, kisha linakuwa jivu, na halisemi tena.

Ya mwalimu yalikuwa matusi kwa timu yake ya mpira, na katikati sauti ya mkewe: "Haya, endelea kuongea na mashine." Mwalimu akacheka, akaitia laptopu yake kwapani, akaenda zake.

Alipishana mlangoni na Dada wa Bisibisi.

Dada ndiye aliyekuwa mkubwa, na ndiye aliyeishi na mama yao katika mji wa mbali mpaka mama alipofariki, mwanzoni mwa mvua zilizopita. Alikuja na begi la safari na mkoba, na ndani ya mkoba alikuwa na kishikwambi kimefungwa kwenye kanga iliyochakaa. Bisibisi alikitambua kabla hakijafunguliwa. Alikuwa amekitengeneza yeye mwenyewe kwa ajili ya Mama: alitafuta kioo kwa huyu na betri kwa yule, akaondoa programu zote zilizomkanganya mtu mzima, akaacha kitufe kimoja kikubwa chenye picha ya uso wake. Mama akibonyeza uso wa mwanawe, mwanawe anatokea. Hakuwahi kutengeneza kitu kilichompa raha kama hicho.

"Kisafishe, mdogo wangu, ufute kila kitu," Dada alisema. "Nataka nikitumie mimi. Ila ukipiga nacho, mtu wa upande wa pili hakusikii."

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Mke wa Bisibisi akampokea wifi yake begi, wakakaa sebuleni. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Bisibisi akachora kishikwambi kwenye karatasi.

Ubovu huo wa sauti aliujua. Miezi michache ya kwanza Mama alikuwa akiongea mpaka chaji inaisha, na Bisibisi alikuwa akisogeza chakula chake karibu na kioo ili wale pamoja. Kisha siku moja alimwona Mama kwenye kioo, midomo inacheza, sauti hakuna. Alimpigia Dada kwenye simu yake. Alimwomba afanye jaribio: fungua programu ya kurekodi, sema chochote, kisha sikiliza. Kutengeneza kifaa kwa mbali ni kuazima macho na vidole vya mtu mwingine, na yeye aliazima vya dada yake bila wasiwasi. Dada akarudi baada ya muda akasema nimerekodi, nimesikiliza, sauti yangu inatoka safi. Kifaa hakina tatizo. Kisha akashusha pumzi.

"Mdogo wangu, tatizo si kifaa. Mama anamumunya tu midomo. Akili imemtoka. Hata wewe hakujui, anauliza yule mwanamume kwenye kioo ni nani."

Bisibisi alilia stoo, nyuma ya magodoro, mahali ambapo kilio hakifiki mbali. Alitaka kusafiri siku hiyohiyo. Dada akamwambia asije, Mama akiona mgeni anashtuka, usiku halali. Basi hakwenda. Aliendelea kupiga, akimwona Mama akichezesha midomo, naye akitabasamu kama mtu anayetabasamia picha. Hakujua amwambie nini mtu asiyemjua. Simu zikawa fupi, zikawa za Jumapili tu. Mwishowe akaja kwa ajili ya mazishi, na ndugu wote wakamshika Dada mikono wakimshukuru kwa kumtunza Mama, na yeye Bisibisi akamshukuru kuliko wote.

Sasa alikigeuza kishikwambi ubavu kutazama tundu la maikrofoni. Ni tundu dogo, ncha ya sindano haiingii yote. Lilikuwa limezibwa. Akawasha tochi. Akavaa miwani. Kilichoziba kilikuwa kigumu na kinang'aa, chekundu kilichokoza kuelekea zambarau, na kilikuwa kimepakwa kwa uangalifu, bila kumwagika pembeni hata kidogo.

Kisha akamwita mkewe amletee dawa ya kutolea rangi ya kucha.

"Yangu imeisha," mkewe alijibu kutoka sebuleni.

"Mimi ninayo," Dada akasema. Akapekua mkoba, akaja nayo mpaka jikoni, akaiweka mezani pembeni ya skrubu. Kucha zake zilikuwa nyekundu zilizokoza kuelekea zambarau. Ndiyo rangi aliyoipaka tangu alipoajiriwa posta, hakuwahi kuibadilisha. Akarudi kukaa.

Bisibisi akalisafisha tundu. Akakipasha kioo joto kwa draya ukingoni tu, lisifike ndani, ili gundi ilegee, akapitisha kadi ya benki iliyokwisha muda wake kuzunguka ukingo, akakiinua kifuniko.

Kilikuwa kimejaa. Katika miaka yake yote ya kufungua vitu hakuwahi kuona kifaa kilichobeba kiasi kile. Maneno yalikuwa yamekuta tundu limezibwa, yakapenya kwenye tundu la chaji, yakajipanga chini ya betri mpaka betri ikavimba mgongo, na yaliyokosa nafasi yakajibana kwenye pembe zote. Aliyafagia taratibu. Kopo likajaa, akachukua na bakuli.

Akashika chenga moja kwa kibanio, akawasha draya.

"Umekonda," akasema Mama.

Akachukua nyingine.

"Hilo shati halijapigwa pasi. Mkeo yuko wapi?"

Mkewe alitokeza kichwa mlangoni. "Abee, Mama," akaitika, kisha akakumbuka, akarudisha kichwa.

"Goti limepona, nimekuambia juzi." "Leo umezaliwa. Ulizaliwa adhuhuri, mkunga kaenda kula, nikakudaka mwenyewe." "Mwanangu, unanisikia?" "Ile redio ya baba yako uliyoivunja, nilijua ni wewe, nikamwambia ni panya." "Unanisikia?" "Mbona unacheka tu? Nimekuuliza kitu." "Unanisikia?"

Sauti ilikuwa ileile, nzito kidogo, yenye kukwaruza mwishoni mwa sentensi. Hakuna neno lililopotea njia. Huyo alikuwa mtu mwenye akili zake timamu anayeongea na mwanawe wa kumzaa, siku hadi siku, na mwanawe anamtabasamia kama bango la dawa ya meno. Bisibisi akahamishia kibanio mkono wa pili, akaendelea.

Mle sebuleni Dada alikuwa ameongeza sauti ya televisheni. Baadaye akaizima kabisa, akaja kusimama mlangoni, bega limeegemea fremu.

Kopo na bakuli vilipoisha, chenga mbili zilikuwa zimebaki, zimenata nyuma ya maikrofoni yenyewe, mahali palipokuwa karibu zaidi na rangi. Bisibisi aliikwangua ya kwanza, akaipasha. Haikuwa ya Mama.

"Anakusikia, Mama," ikasema sauti ya Dada, ya upole kabisa, kama ya mtu anayemfunika mwenzake shuka. "Kila kitu anasikia. Hataki tu kujibu."

Ikawa jivu.

Bisibisi hakugeuka. Alichukua ya mwisho. Aliishika mbali na draya kwa muda mrefu, kwa kuwa alijua neno halisemi mara mbili, kisha akaisogeza.

"Basi mwache, asisumbuliwe," akasema Mama. "Ana kazi nyingi. Mimi nitaongea tu, namwona, inatosha."

Hilo nalo likawa jivu. Bisibisi akazima draya.

"Kwa nini, Dada?"

Dada aliangalia kucha zake. Hakuwa na haya wala hasira. Alionekana kama mtu aliyeulizwa kwa nini alifunga dirisha.

"Nilikuwa namwogesha, anakutaja wewe. Namlisha, anauliza wewe umekula. Nikimgeuza kitandani analalamika, ukitokea kwenye hicho kioo anajiweka sawa kilemba. Mimi nilikuwepo pale kila siku ya Mungu, na hakuna hata siku moja aliyonibonyeza mimi."

"Uliniambia hanijui."

"Nilitaka na wewe uonje kidogo."

Bisibisi angekuwa na hasira ya kupiga meza angeipiga, lakini meza ilikuwa na skrubu zimelala kila moja mahali pake. Aliyajua maisha ya dada yake, alijua mgongo unavyouma kumgeuza mgonjwa, na kama angeambiwa angekwenda, angelala chini, angemgeuza Mama yeye. Hakuambiwa. Alidanganywa na mtu pekee ambaye hakuwahi kufikiria kumpima. Katika vifaa vyote alianza kwa kukagua kitu kilicho rahisi kuliko vyote, ila siku ile moja kitu rahisi kilikuwa neno la dada yake, akalipita.

"Kitapona?" Dada akauliza.

"Kimeshapona."

Akabadilisha betri iliyovimba, akarudisha skrubu, akapaka gundi mpya. Akafanya jaribio yeye mwenyewe: moja, mbili, tatu. Sauti ilitoka safi. Akafuta kila kitu kama alivyoagizwa, pamoja na kitufe kikubwa chenye picha ya uso wake. Mkewe akawatengea chakula, wakala. Dada alisifu mboga. Kesho yake asubuhi alikifunga kishikwambi kwenye kanga ya Mama, akaagana na wifi yake, na Bisibisi akambebea begi mpaka kituoni kwa kuwa lilikuwa zito na yeye ndiye mdogo.

"Ndugu wanakusalimia," Dada alisema akipanda. "Wanasema tusiache kupigiana, tumebaki wawili."

Bisibisi akarudi nyumbani, akayamwaga majivu kwenye kopo la maziwa, akalifunga, akaliweka juu ya kabati. Kopo lilikuwa jepesi na halikusema kitu. Alilitikisa mara moja kuhakikisha.

Jioni, wakiwa mezani, laptopu yake ikaita. Akapokea. Kioo kikajaa uso wa Dada, na nyuma yake kitanda cha Mama kimetandikwa.

"Nimefika salama," Dada alisema. Sauti ilikuwa safi ajabu, mtu angedhani yuko jikoni. "Umekiweza kweli, mdogo wangu. Unanisikia?"

Bisibisi alimtazama.

"Halo? Unanisikia?" Akakisogeza kishikwambi karibu na mdomo, akakipiga ubavuni, akakigeuza kutazama tundu. "Mbona unanitazama tu? Hebu zima uwashe."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Sauti imekataa tena?"

"Haijakataa," Bisibisi akasema, taratibu, karibu kabisa na maikrofoni. "Nasikia kila kitu."

Akaisogeza sahani ya ugali mbali na kioo, akaendelea kula bila kumjibu tena, na Dada akaendelea kuita.