Kibuyu cha Kwenda Ulaya

Kimaiyo alipochaguliwa kwenda Uingereza kusomea maziwa mwaka mzima, Nakuru yote iligeuka mwalimu. Watu ambao hawajawahi kuvuka Salgaa hapo jirani walimjia na mawaidha ya Ulaya. Usile nyama ambayo hukuiona ikichinjwa. Usitembee gizani. Mzungu akikuchekea sana, shika mfuko wako. Kimaiyo, kijana wa kiwanda cha siagi, aliitikia yote kwa adabu, maana meli ilikuwa inaondoka Mombasa Jumamosi na hakutaka kumkosea mtu kabla hajaipanda.

Bingwa wa mawaidha alikuwa Mzee Miraji wa Bondeni. Huyu alipikia jeshi huko Burma wakati wa vita, kwa maelezo yake mwenyewe, na hakuna safari asiyoijua. Alimshonea Kimaiyo mfuko wa siri ndani ya suruali, akamfundisha kulala na viatu chini ya kichwa, akamwonya kuhusu maji. "Chemsha. Halafu chemsha tena. Maji ya ugenini hayana adabu."

Mama yake, Chepkurui, aliomba ruhusa ya siku moja kwa mzungu aliyemwajiri kule Molo, akashuka na ushauri mmoja tu, nao ulikuwa kibuyu. Ndani mlikuwa na mursik, yale maziwa ya kugandisha yenye masizi ya mkaa, machachu ya kukunja uso.

"Usinywe maziwa ya ng'ombe ambaye humjui mwenyewe," alisema. "Kunywa haya, kidogo kidogo, mpaka urudi."

Sijui alidhani mwaka una urefu gani, lakini mama ni mama.

"Yatanuka," akasema Miraji. "Watu wa forodha watayamwaga. Ziba mdomo kwa nta, funga kwa waya, kifukie ndani ya nguo."

"Kibuyu hakizibwi hivyo," Chepkurui akasema. "Kinapumua."

"Kinapumua! Kwani ni ndama? Mama Kimaiyo, wewe umefika Burma?"

Hakuwa amefika. Akarudi zake Molo. Basi Kimaiyo, aliyechaguliwa kwa kuyajua maziwa, akamwamini mpishi. Akaziba, akafunga, akakilaza kibuyu katikati ya suti yake mpya.

Siku ya safari treni ilichelewa. Sanduku likakaa juani stesheni, Miraji kando yake akirudia mawaidha. Ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka waasi. Kila stesheni ina askari, na kila askari ana bunduki na wasiwasi. Treni ilipoingia, inspekta mzungu alikuja kukagua mizigo. Akafika kwenye sanduku la Kimaiyo, akaligonga kwa fimbo.

Pwaa!

Lo! Stesheni nzima ililala chini. Inspekta alijikuta chini ya benchi pamoja na kuku wa mtu. Shujaa wa Burma, mguu niponye, alionekana mara ya mwisho akikata kona ya soko. Aliyebaki wima ni Kimaiyo, mikono juu, akitazama uji wa kijivu ukichuruzika kutoka sandukuni.

"Ni maziwa, bwana. Maziwa tu."

"Maziwa hayalipuki!" akafoka inspekta, manyoya yamemjaa kofiani.

Kimaiyo akaanza kumweleza habari ya hewa inayojazana maziwa yakichacha pasipo pa kutokea. Alieleza vizuri sana, kama alivyoeleza kwenye mtihani, pingu mikononi, na treni ikaondoka akiwa katikati ya maelezo.

Walimwachilia jioni, baada ya askari mmoja mzee kuonja kwa kidole na kuuliza kama yamebaki mengine. Meli haikungoja. Wakubwa nao wakaliogopa sanduku lake, na nafasi ya meli iliyofuata ikapewa kijana wa Kitale aliyekosa mtu wa kumshauri. Huyo aliondoka na kikapu, na alirudi kuwa bosi wa kiwanda.

Kimaiyo alipanda kwao Molo akilia njia nzima, tena bila aibu. Chepkurui alikuwa ameshasikia. Alimkalisha, akamletea kibuyu kipya, kifuniko cha ngozi kimelegezwa vizuri.

"Mama, nimeikosa Ulaya."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Lakini alikuwa akimpapasa mabega, mikono, kichwa, kama mtu anayekagua ndama aliyepotea, na furaha ilimshinda kuficha.

"Nilimwomba Mungu urudi salama," akasema, akimmiminia. "Sikumtajia lini."