Viatu vya Darasa la Kwanza

Shuleni walimu wenzake walimwita Mama Sakafu, wala hakuchukia. Sakafu ya darasa la kwanza aliipiga nta mwenyewe kila Ijumaa, ikang'aa mpaka ukiinama unajiona meno. Kuingia na viatu humo? Thubutu. Watoto wake arobaini na mmoja walivua mlangoni, na hilo halikuwa na mjadala.

Basi ikatoka sheria mpya: zoezi la moto si mara moja kwa mwaka tena, ni kila mwezi, bila kutangaziwa, na kila darasa liwe nje ndani ya dakika tatu, mkaguzi akipima kwa saa. Darasa likishindwa miezi miwili mfululizo linafungwa, watoto wanagawanywa shule nyingine. Mwezi wa kwanza, darasa la Mama Sakafu lilitumia dakika saba nzima. Kisa? Kila mtoto alisimama mlangoni kutafuta viatu vyake, huyu anahangaika na kamba, yule analia kavaa cha mwenzake.

"Mwalimu, hiyo sakafu yako itatuponza," mwalimu mkuu alimwambia.

"Watazoea tu, mkuu," alijibu. Watoto wale aliwapenda mno, kuwapoteza hakutaka hata kusikia. Akawafundisha kupanga viatu kwa safu, akawafundisha kuvaa wamefumba macho. Wapi. Walipojipima wenyewe, dakika tano.

Mwezi wa pili, Jumanne asubuhi, wako katikati ya silabi, king'ora kikalia. Mkaguzi alikuwa ameshasimama uwanjani na saa yake. Watoto wakavamia viatu kama walivyozoea. Mama Sakafu akaiona migongo ile midogo imeinama, imeziba mlango, na kwa mara ya kwanza akawaza moto wa kweli ukija nyuma yao. Aibu ikamshika. Ni yeye aliyewafundisha kuinama pale.

Akapiga moyo konde, akavisukumia viatu kando kwa mguu, vikatapakaa ovyo.

"Achaneni navyo. Peku, wanangu, twendeni."

Wakatoka mbio, wanacheka. Dakika mbili na nusu.

"Tutaonana tena mwezi ujao, mwalimu," mkaguzi alisema huku akiandika.

"Hata kesho, karibu. Utawakuta wamevaa viatu humo humo ndani."

Akawahesabu, arobaini na mmoja. Kisha akawahesabu tena taratibu, akimgusa kichwa kila mmoja, ingawa sheria haikumdai hivyo.