Tangu Mashine Ipone

Mume alikuwa mshonaji na mkewe mtengeneza picha, na wote wawili walifanya kazi chumba kimoja: mume na cherehani yake karibu na mlango, mke na kompyuta yake dirishani. Picha za mke zilikuwa za kubandikwa kwenye kuta. Safari hii alikuwa na twiga wa wodi ya watoto, wa kujaza ukuta mzima, na faili lake lilikuwa zito kupindukia. Akigusa sikio tu, kompyuta inaganda.

"Imelala tena," husema, kisha hugeuza kiti. Hapo tena soga: za watoto, za majirani, za yule mteja ambaye tumbo lake linakua kabla suruali haijaisha. Mpaka mashine izinduke.

Siku moja ilizima ghafla, kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Machozi yakamlengalenga mke. Mume akaacha kitambaa kilipo, akampigia simu mdogo wake, fundi kompyuta.

"Shemeji, umeionea hii," alisema fundi baada ya kuichungulia. "Mzigo wa lori umeupakia kwenye baiskeli!"

Aliongeza memori, akafunga diski mpya ya kasi, akaiambia programu ya picha ifanyie kazi zake humo. Vijiprogramu vilivyokuwa vikijiwasha vyenyewe akavizima.

"Haya, jaribu."

Mke akaivuta shingo ya twiga kutoka chini hadi juu. Ikamfuata bila kusita. Alimkumbatia shemeji yake nusura amwangushe.

Baada ya hapo kiti hakikugeuka tena. Mume akisema neno, hujibiwa, "Mmh." Ijumaa akaamua kumpima.

"Mke wangu, hili gauni la bibi harusi nimelitia mifuko ya fundi bomba."

"Mmh. Vizuri."

Mume akacheka peke yake, kisha kicheko kikamwisha.

"Tangu mashine yako ipone," alisema, "mimi ndiye niliyeganda."

Mke akageuka, akamtazama vizuri. "Kumbe uliipenda ile mbovu?"

"Nani aipende? Nilimpenda aliyekuwa akiisubiri."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na fundi nimemwita mwenyewe?"

Mke akaziba uso kwa viganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Nikwambie ukweli? Twiga alikwisha tangu juzi. Namwongezea madoa kwa raha tu ya kuona inavyokimbia."

"Tangu juzi! Na mimi hapa nashona kama mgane!"

Alihifadhi kazi, akazima mashine jua lingali kali nje, akavuta kigoda hadi ubavuni mwa mumewe. Akachukua shati na sindano, akaanza kumsimulia vituko vya daktari aliyeagiza twiga. Kifungo cha kwanza alikishona upande usio wake. Mume alikiona, akaendelea kusikiliza.